Bustani ya Wakamwana

"Dada, mtoto unamleta baa kufanya nini?"

Hivyo ndivyo meneja alivyoniuliza, mikono mfukoni, mguu mmoja juu ya benchi la saruji ambalo mimi nimelikalia tangu sijajua kusoma. Mwanangu Atu, miaka minne, alikuwa analia mpaka sauti imekauka. Alikuwa amekanyaga majivu ya moto waliyoyamwaga nyuma ya benchi hilo, pale pale watoto wanapochezea, na unyayo wote ulikuwa umeshaanza malengelenge. Nilikuwa nimepiga magoti nammwagia maji ya chupa. Niliposikia lile swali nikasimama, nikachukua beseni la maji ya kunawia wateja, maji yenyewe povu na mafuta ya mbuzi, nikalimwaga lote juu ya jiko lake la nyama choma.

Moshi mweupe ulipanda hadi kwenye turubai. Watu waliruka na chupa zao.

"Mama kawaka huyo!"

"Mshikaki wangu, jamani! Ndo kwanza ulikuwa unaiva!"

"Mwacheni. Mama yake Mhehe huyo, mtakufa bure."

"Jiko hili utalilipa," meneja akasema.

"Anza wewe kulipa unyayo," nikamjibu. "Na hapa si baa. Hapa ni bustani. Baa umekuja nayo wewe."

Nikamfunga Atu mgongoni tukaondoka kwenda zahanati. Kwenye kona ya chini nikakuta rundo la mashina ya michongoma waliyoyang'oa wiki ile. Walikuwa wameyawasha moto, nayo yanaungua polepole kwa sababu bado mabichi. Matunda yake ya njano yalikuwa yanapasukia kwenye makaa, na moshi ulikuwa na ule uchachu wake wa kukaza meno. Nilikuwa na hasira, lakini harufu ile ilinisimamisha. Nikasimama katikati ya njia, mtoto analia mgongoni.

Wenzangu wa rika langu mliokulia upande ule wa Mbeya mnaikumbuka bustani ilivyokuwa. Wengine niwaeleze. Ilikuwa ndogo, ya pembetatu, imebanwa kati ya nyumba zetu na barabara kuu ya malori yanayokwenda Zambia. Geti la juu lilitazama nyumba, la chini lilitazama bomba la maji na njia ya kwenda sokoni Mwanjelwa. Kutoka geti hadi geti zilipita njia mbili za matofali ya kuchoma, na katikati yake ukasimama ua wa michongoma, mrefu kuliko mtu mzima, mnene kama ukuta. Ua ule ulikuwa na mapengo ya kupitia, ila si mapengo ya hivi hivi. Yalikatwa kwa mshazari, ukisimama upande mmoja humwoni wa upande wa pili hata uiname vipi. Mabenchi yote yaliupa ua mgongo. Na kwenye nguzo ya geti la juu lilining'inia ringi la lori pamoja na kipande cha nondo, kama kengele ya shule ya msingi.

Asubuhi za baridi, ile baridi yetu ya Juni inayoingia mpaka kwenye meno, mama zetu walikuja kuota jua. Wengine walichambua maharage, wengine walisukana, wengine walinyonyesha, masweta juu ya khanga, khanga juu ya masweta. Sisi watoto tulichuma matunda ya michongoma tukayachovya kwenye chumvi, tukashindana nani atakula bila kukunja uso. Nilikuwa nashindwa kila siku.

Halafu ringi lingelia. Ngoo, ngoo, ngoo. Hapo utaona wanawake wanainuka. Si wote. Siku nyingine anainuka huyu, siku nyingine yule, kulingana na mpigaji. Ringi likilia kwa nguvu, kwa pigo zito zito lisilokwisha haraka, aliyeinuka alikuwa mama yangu. Anakusanya maharage yake kwenye ungo, anajifunika khanga kichwani, anapenya kwenye pengo la karibu na kutokea upande wa pili wa ua. Dakika si nyingi anaingia babu yangu mzaa baba, koti refu, fimbo mkononi, na mbwa wake Popi nyuma.

Babu alihamia mtaani kwetu kutoka Tukuyu baada ya bibi kufa. Alinipenda sana. Alikuwa ananimenyea muwa kwa kisu kidogo, anakata vipande vinavyotosha mdomo wangu. Lakini alikuwa hamtazami mama yangu, na mama yangu alikuwa hamtazami yeye. Yeye anakaa benchi la upande huu, mama benchi la upande ule, migongo yao imetenganishwa na michongoma tu, na mimi nimesimama kwenye pengo.

"Mwambie mama yako mahindi ya kwenye debe yameingia wadudu, ayaanike."

Mama ameshasikia. Nani asiyesikia, na sauti ya babu ilivyokuwa? Lakini alikuwa hajibu mpaka mimi nigeuke na kusema, "Mama, babu anasema mahindi uyaanike." Ndipo naye anasema, "Mwambie babu yako nitayaanika kesho jua likitoka." Na babu naye anangoja nigeuke. Hivyo mchana kutwa, mimi kama posta.

Hakuna aliyenieleza. Watoto wa siku zile tulikuwa hatuelezwi, tulikuwa tunatumwa. Kwa hiyo nikajieleza mwenyewe, na nilichojieleza ni hiki: mama yangu amemkosea babu kosa kubwa. Kama si hivyo mtu mzima anajificha nini? Nilikuwa namwonea mama huruma, na nilikuwa nalichukia lile ringi. Nilimwona babu kama mtu anayepiga kengele kumfukuza mama yangu kwenye jua.

Kosa lenyewe nililijua Popi alipopotea.

Jirani yetu Mama Ambakisye, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki, alipita nyumbani mama akiwa jikoni. Akasimama mlangoni, akavuta harufu.

"We Mhehe! Mbwa wa mzee haonekani tangu juzi. Hebu funua hiyo sufuria nione."

Mama hakugeuka hata. "Njoo na sahani, shoga. Nimekubakizia mkia."

"Mkia sili. Nipe paja."

"Paja ameshakula mumeo, alipita asubuhi."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sasa mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mtoto wa darasa la awali, sijui utani wa makabila ni nini, sijui kwamba kila Mhehe aliyewahi kukanyaga Mbeya ameshaulizwa habari za mbwa. Nilichosikia ni ushahidi. Mama ametoka Iringa, mama amekula Popi, na kwa vile mama alikuwa anamkwepa babu hata kabla ya Popi kupotea, basi lazima kulikuwa na Popi wengine huko nyuma.

Kuanzia siku hiyo sikugusa nyama. Mama akiniwekea, nasema tumbo. Akiniwekea mchuzi mtupu, natazama kwanza kama kuna unyoya wa Popi. Alinipeleka zahanati, wakanipa dawa ya minyoo. Akanichemshia majani, nikayanywa. Sikukuu ikaja, kuku akachinjwa mbele ya macho yangu, nikala wali na maharage. Baba akasema mtoto huyu atakuwa mlokole wa aina mpya. Mama hakucheka. Nilimwona ananitazama usiku na mchana kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu.

Asubuhi moja tuko bustanini, ringi likalia. Ngoo, ngoo. Mama akaanza kukusanya vitu vyake. Nikashindwa kuvumilia. Nikamfuata mpaka upande wa pili, nikamshika khanga.

"Mama, mwombe tu msamaha yaishe."

"Nimwombe nani?"

"Babu. Mwambie ulikuwa na njaa."

"Njaa ya nini wewe?"

"Ya Popi."

Ilimchukua muda kuelewa. Nilimwona anaelewa kidogo kidogo: nyama, dawa ya minyoo, kuku wa sikukuu. Akakaa chini kwenye matofali, akajiziba mdomo kwa khanga kwa sababu mkwe wake alikuwa ameshafika upande wa pili, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Mimi nikakasirika. Nikapiga kelele, "Usicheke! Ulimla!"

Ua ukakohoa. Yaani babu, nyuma ya ua. Kisha sauti yake ikaja taratibu.

"Mwambie mama yako asijisumbue kukueleza. Popi aligongwa na lori. Nilimzika mwenyewe kule korongoni, sikutaka mtoto ajue."

Mama aliacha kucheka pale pale, kama mtu aliyezimiwa taa. Akaniweka mapajani. Akaniminya mkono. Halafu akaanza kuzungumza, na mpaka leo najiuliza kwa nini alizungumza kwa sauti kubwa kiasi kile na mtoto yuko mapajani mwake.

Alisema zamani pale hapakuwa na bustani. Palikuwa na dampo. Mtaa mzima ulimwaga taka zake pale, na njia ya kwenda bombani ilikuwa kamstari tu, kushoto taka, kulia barabara ya malori. Alisema kwa watu wa baba yangu mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akisikia anakuja, anapisha njia na kugeuza uso. Ndiyo heshima yenyewe, msichana anafundishwa siku anayoolewa na anazeeka nayo.

"Mimi nilikuwa na mwezi mmoja tangu nitoke Iringa," mama akasema. "Kwetu mkwe unampigia goti, unasema kamwene baba, mmemaliza, kila mtu anaendelea na safari. Hapa nilikuwa sijazoea. Aliyekuwa ananifundisha ni mama yako mkubwa Tusekile."

Mama mkubwa Tusekile nilimjua kwa picha tu, ile ya ukutani kwa baba mkubwa, mwanamke mwembamba anayecheka na mwanya.

"Tulikuwa tunatoka bombani, ndoo kichwani. Mzee akatokea kwenye kona, hatukumwona mpaka yuko karibu kabisa. Mwenzangu akaruka kupisha. Kushoto taka, kulia barabara. Akaruka kulia. Mimi sikuruka. Nilisimama kama gogo, nimemkodolea macho mkwe wangu mpaka nikahesabu ndevu. Ndoo ya mwenzangu ikaja kuangukia miguuni kwangu. Lori lilisimama mbele huko."

Nikamuuliza kama mama mkubwa aliumia. Mtoto huuliza vitu kama hivyo.

"Alikufa, mwanangu. Alikuwa na adabu, akafa. Mimi sikuwa nayo, niko hapa nachambua maharage."

Upande wa pili wa ua hata fimbo haikusogea.

Mama akaendelea. Baada ya matanga wanawake wa mtaa walikaa kikao chao, wakamtuma Mama Ambakisye kwa wazee. Alikwenda na maneno haya: ama mtusafishie lile dampo tupite ndani kwa amani na mtupandie ua wa kutusitiri, ama kuanzia Jumatatu tunapita katikati ya njia, hatumpishi mtu, na tutawasalimia wakwe zetu uso kwa uso, mmoja mmoja, kwa majina yao. Mama akasema wazee waliposikia habari ya majina walishika vichwa, maana mkamwana hatamki jina la mkwe. Wiki haikuisha majembe yalikuwa yako dampo.

Wanawake walizoa taka kwa ungo na ndoo. Miche ya michongoma ililetwa na gari la misheni, matofali yalitoka kwenye matanuri ya mtaani. Wakubwa wa mji waliombwa ruhusa, wakakubali, eneo likaandikwa bustani. Na ule mshazari wa mapengo haukutoka kwenye kitabu cha mtu. Mama alinisimulia walivyoupata: mzee mmoja anasimama upande huu, mkamwana wa mtu mwingine anasimama upande ule, wanapigiana kelele.

"Unaniona?"

"Naona kiatu!"

"Pindisha zaidi! Sasa?"

"Sikuoni, nakusikia tu!"

"Kunisikia ruksa! Pigilia vigingi!"

Hapo mama alicheka tena kidogo. Akasema kabla ya ua, mwanamke mwenye mkwe mtaani alikuwa hawezi kukaa nje kupata jua. Alikaa ndani au alizunguka barabarani. Ua ndio uliotukalisha nje, alisema. Sisi tuliutaka. Na ringi aliliweka babu yangu mwenyewe, kwa mkono wake, akamwambia kila mzee: mwanamume haingii hapa kimya kimya tena, piga kwanza, ngoja, ndipo uingie.

Sasa nikaelewa kwa nini pigo la babu lilikuwa linalia kwa nguvu kuliko la wengine, na kwa nini alikuwa anachelewa sana kuingia baada ya kulipiga. Niseme kweli, sikuelewa siku ile. Nimekuja kuelewa nikiwa na mtoto wangu.

Siku ile nilichokiona ni kwamba mama amemaliza kuzungumza, na babu akaniita. Nikasimama kwenye pengo langu. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Mwambie mama yako," akasema, na sauti haikuwa ile yake ya kila siku, "mwambie alifanya vizuri kusimama."

Nikageuka. Mama alikuwa ameshasikia, uso wake umejaa machozi, lakini alinisubiri niseme kama kawaida.

"Mama, babu anasema ulifanya vizuri kusimama."

"Mwambie," mama akasema. Akajaribu tena. "Mwambie nimesikia."

Nikapeleka. Nikarudi kuchuma matunda yangu, na jioni ile nikala nyama mpaka baba akashangaa. Sikujua nimebeba nini kutoka upande mmoja wa ule ua kwenda wa pili. Mwanamke alikuwa ametembea miaka yote ile akijiona amebaki hai kwa utovu wa adabu, na aliyekuwa na uwezo wa kumwondolea mzigo ule ni mtu mmoja tu duniani, ambaye hana ruhusa ya kuzungumza naye.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mila ile siipendi. Ilimuua Tusekile, na hata baada ya siku ile ringi likilia mama aliendelea kuinuka, maharage yake mkononi, mpaka babu alipofariki. Nilimuuliza nikiwa sekondari kwa nini. Akasema, "Namfanyia mwenzangu." Nikaona ni upuuzi, nikamwambia hivyo, akanifukuza jikoni. Mkwe wangu mimi anakaa Uyole, tunakula sahani moja, ananiita mwanangu, ananitumia picha za ng'ombe wake kwenye simu. Sijifichi na sitajificha. Lakini kuchukia mila ni kitu kimoja, na mtu kuja kung'oa kwa trekta kitu ambacho mama zangu walikidai kwa mdomo wao, tena juu ya kaburi la mwenzao, hicho ni kitu kingine kabisa.

Maana ndicho kilichofanyika. Kwanza waliweka friji moja la soda kwenye geti la juu, tukasema si neno, watoto watapata soda. Friji likawa la bia. Zikaja spika. Upande wa bomba pakawa pa kuoshea magari, matope mpaka kwenye bembea. Halafu njia zote mbili za matofali wakazifunga kwa mabati, eti wateja wanataka faragha, na ua wakaung'oa ili magari yapate pa kuegesha. Tangu hapo, anayetaka kwenda bombani au sokoni anazunguka nje. Nje ni wapi? Ni pale pale. Kamstari kati ya mabati na malori. Asubuhi nampeleka Atu shule ya awali nimemshika mkono mpaka anasema mama unaniumiza, na lori likipita sketi yangu inapeperuka.

Kutoka zahanati, mguu wa mtoto umefungwa bandeji, nilikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kata. Kijana tu, labda nimemzidi mwaka. Alinisikiliza huku anachezea kalamu.

"Mama Atu, ule ua ulikuwa kichaka. Wahuni walikuwa wanajificha mle."

"Wahuni gani? Mimi nimekulia mle."

"Halafu nasikia ulikuwa wa mambo ya mila. Wakwe, sijui nini. Sasa hivi nani anamkimbia mkwe?"

"Na lori je? Lori nalo limeacha mila?"

Akacheka. Alipoona sicheki akaacha. "Hiyo ya mdomo haitusaidii. Lete malalamiko kwa maandishi."

Jioni nikampigia mama. Siku hizi yuko Iringa, alirudi kwao baada ya baba kufariki, ana shamba la viazi na mdomo wake uko vile vile. Nikamweleza yote, majivu, beseni, mtendaji. Nilipofika kwenye kung'olewa kwa ua nikadhani simu imekata.

"Mama? Uko?"

"Niko. Wameng'oa na mizizi?"

"Na mizizi."

Akavuta pumzi. "Basi andika. Ila usiandike kwa hasira."

"Mama, hasira ndiyo niliyonayo."

"Haya, iandike kwa mwandiko mzuri."

Nikaandika barua. Nikaipeleka asubuhi yake, nikasubiri mpaka ikagongwa muhuri mbele ya macho yangu. Iliandikwa hivi:

*Kwa Mtendaji wa Kata.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU BUSTANI YA MTAA KUFANYWA BAA NA SEHEMU YA KUOSHEA MAGARI*

*Ndugu Mtendaji,*

*Mimi, Mama Atu, ni mzaliwa na mkazi wa mtaa huu. Uliniambia nilete maandishi, nimeyaleta.*

*Nalalamika kwamba eneo lililotengwa kuwa bustani limefungwa kwa mabati na kufanywa biashara ya mtu mmoja, bila wakazi kuitwa kwenye mkutano wowote. Nalalamika kwamba majivu ya moto yanamwagwa mahali watoto wanapochezea, na kwamba mwanangu ameungua unyayo. Karatasi ya zahanati nimeiambatanisha. Kuhusu jiko la nyama choma lililomwagiwa maji, nakiri ni mimi, na meneja akitaka kunishtaki aje, nami nitaeleza jiko lilikuwa linafanya nini ndani ya bustani.*

*Nalalamika zaidi kuhusu njia. Bustani ile haikutengenezwa kwa ajili ya urembo. Ilitengenezwa kwa sababu mkazi wa mtaa huu, marehemu Tusekile, mke wa baba yangu mkubwa, aligongwa na lori akiwa ametoka kuchota maji, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kupita. Wanawake wa mtaa walidai njia ya ndani na ua wa kuwakinga, wakapewa, na kwa miaka yote ya utoto wangu hakuna mtu wa mtaa huu aliyelazimika kutembea ukingoni mwa barabara ile. Sasa tunatembea tena, na watoto, na ndoo. Ulisema hakuna tena anayemkimbia mkwe. Ni kweli. Hata hivyo bado tunakwenda bombani.*

*Naomba mabati yaondolewe na njia zote mbili zifunguliwe. Naomba ua upandwe upya pale katikati ulipokuwa, na mwingine upande wa barabara, na wanawake wa mtaa waulizwe mapengo yakae wapi, maana ndio wanaopita. Wapo tayari kuzoa taka kama walivyozoa mwanzo. Naomba anayeuza bia atafutiwe mahali pengine, sina ugomvi na bia.*

*Naomba majibu kwa maandishi, kama wewe ulivyotaka yangu. Mpaka nitakapoyapata, kila asubuhi ya siku ya kazi nitakuwa kwenye korido ya ofisi yako pamoja na mwanangu na mpira wake. Mguu bado una bandeji lakini anataka kucheza, na kwa sasa hakuna mahali pengine katika kata yako ambapo ninaweza kumwachia mkono.*